Kayaki, mikoko na kichwa kilichotulia

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tabata aliniandikia: "Kaka, naona picha zako za baharini. Mimi kichwa hakipumziki, hata nikilala naota kazi. Hiyo kayaki inasaidia kweli?" Inasaidia, mdogo wangu, huo mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu mnaoniuliza hivyo ni wengi.

Nilianza mwaka nilioachishwa kazi. Nilikuwa wa kwanza kufika ofisini na wa mwisho kuzima taa, halafu nikaarifiwa kwa ujumbe wa simu kwamba nafasi yangu haipo tena. Mistari miwili tu. Mpaka leo nikipita mbele ya jengo lile moyo unanichoma. Waliokuwa wakiniita "bosi" waliacha kupokea simu zangu. Nyumbani nikawa mtu wa kufoka, hadi mke wangu akaniambia nitafute pa kwenda kupumulia kabla watoto hawajazoea kuniogopa.

Nikaenda Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, kwenye hoteli ya ufukweni inayokodisha kayaki za plastiki, zile za kukaa juu. Kuhusu kujifunza sina la kusimulia. Mabega yaliuma, yakazoea. Nilichokipata kule ni mikoko.

Ukiingia horini, ule mkono wa bahari unaopenya kwenye mikoko, maji yakijaa, huna haja ya kupiga kafi kwa nguvu, mkondo unakupeleka wenyewe. Mikoko imesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, yeye huchomoza mizizi yake juu ya tope ili ipate hewa, maana tope lile halina hewa. Ndege mdiria anajirusha majini, anatoka na samaki, anarudi tawi lilelile. Mngurumo wa bodaboda husikii. Siku moja nilikaa humo nimelaza kafi magotini, nikashtuka kwamba asubuhi yote sijaikumbuka ofisi. Nililia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Sasa nisikilizeni. Uzuri wa bahari peke yake hauleti amani. Amani inaletwa na kutii. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea kwa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na ukichelewa kutoka horini utajikuta juu ya tope. Mzee mmoja mvuvi ana kawaida ya kuniuliza kabla sijashusha kayaki, "Mwanangu, leo mwezi una siku ngapi?" Nisipojua, ananiambia nikae kwanza tunywe kahawa. Hakuna mkuu wa idara aliyewahi kunifundisha subira kama yeye.

Kwa hiyo tii. Toka alfajiri, umande, ule upepo wa kutoka nchi kavu, ukivuma, kabla upepo wa mchana haujachafua bahari. Vaa jaketi la kujiokoa hata kama unajua kuogelea. Usiende peke yako. Simu iwe kwenye mfuko usioingia maji, imezimwa, ya dharura tu. Na tii, narudia, kwa sababu wengi wetu tunaitaka amani ije kwa ratiba yetu.

Siku hizi navuka na wenzangu mpaka Mbudya, na najivunia. Kisiwa kile, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Wapo wanaoniambia hii ni starehe ya wazungu. Jamani! Pwani hii watu wamepiga kafi kwenye mitumbwi vizazi na vizazi. Bahari ni yetu, na tumeipa mgongo tukae kwenye foleni ya Mwenge.

Lakini huwezi kuitafuta amani mikokoni huku chupa yako ya maji unaitupa mtaroni Sinza. Masika mito inazishusha zote baharini, nazo zinanasa kwenye mizizi ileile unayokwenda kuitazama. Beba mfuko, okota unachokiweza.

Na kwa wanaoanza: kusi likivuma kwa nguvu, mwezi wa sita na wa saba, visiwa viacheni. Bakini horini asubuhi, maji yakijaa, na mtoke kabla hayajaanza kupwa.