Dizeli ya jirani imeingia kisimani: si lazima uthibitishe uzembe

Ndugu, tangi la karakana ya jirani limevuja hadi kisimani kwako hapo Kisauni, naye anasema hakuzembea. Utetezi huo peke yake haumwokoi. Kanuni ya Rylands v Fletcher (Uingereza, 1868), ambayo mahakama za Kenya huitumia, humbana aliyekusanya kwenye ardhi yake kitu chenye kudhuru kikitoka, hata kama alikuwa mwangalifu.

Shida huwa kwenye mambo mawili. Kwanza, dizeli lazima iwe imevuka mpaka. Ikimdhuru mtu mle mle karakanani, kanuni hii haimsaidii. Pili, matumizi yasiwe ya kawaida. Tangi kubwa la biashara katikati ya makazi linakupa hoja yenye nguvu kuliko mtungi wa jenereta, lakini hakimu anaweza kuona vingine, kwa hiyo wakili adai pia uzembe na kero (yaani kukusumbua katika matumizi ya ardhi yako). Jirani naye atajaribu kukwepa kwa kusema mtu baki ndiye aliyefungua valvu.

Ushahidi ndio roho ya kesi, uuwahi. Maji yatiwe kwenye chupa ya kioo safi, ijae hadi mdomoni, ikae kwenye barafu, ipelekwe maabara mapema: dizeli hushikana na plastiki na sehemu yake huruka hewani, kipimo kikatoka pungufu. Ripoti pia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Piga picha, tunza risiti za maboza ya maji.

Tuma barua ya madai kwanza, la sivyo unaweza kunyimwa gharama za kesi. Muda wa kushtaki ni miaka 3. Na tafadhali, watoto wasiyanywe maji hayo hata yakichemshwa. Kuchemsha hakuondoi dizeli.