Usiombe Ushauri, Peleka Kopo

Jumapili usiku nilikuwa nabandika lebo kwenye makopo ya oda ya Jumatatu, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni binti wa Kahama, simfahamu. "Shikamoo dada. Nina laki tatu, nimezipata kwa jasho. Nataka kuanza siagi ya karanga kama wewe. Kuna mtu anasema nimpe laki na nusu anishike mkono mpaka nisimame. Nimpe?"

Nikamjibu, "Marahaba mdogo wangu. Usimpe." Halafu nikashindwa kuendelea. Nikaweka simu chini, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, lebo zimenigandia vidoleni. Ni miaka mingi sasa tangu mimi nitoe pesa kama hiyo kwa mtu kama huyo, na nilidhani nimeshasahau. Sijasahau. Kwa hiyo jibu lake refu naliandika hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma umeshaanza au unataka kuanza, una mtaji mdogo, na unatafuta mtu wa kukuonyesha njia. Nisikilize.

Mimi nilianza mwaka 2019, hapa Dodoma. Nilikuwa nafundisha chekechea, mkataba ukaisha, nikatoka na laki sita na kidogo. Dodoma ilikuwa imetangazwa kuwa jiji mwaka mmoja kabla, serikali inahamia, watu wanamiminika, maduka yanafunguliwa kila mtaa. Nikajiambia hawa watu asubuhi wanakula mkate, na karanga zinalimwa hapa hapa kwetu. Nikalipa elfu ishirini, nikachukua kile kitambulisho cha mjasiriamali kilichokuwa kinatolewa wakati ule. Nikanunua karanga, sufuria kubwa na makopo. Nikaanza.

Nilimwambia kila mtu. Hilo ndilo nililofundishwa, kwamba usifanye jambo kimya kimya, shirikisha watu upate ushauri. Kaka yangu mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na elimu yote ile, umeamua kukaanga karanga?" Mama alikuwepo. Alinyamaza. Kanisani wakaniombea. Marafiki zangu wa chuo wakaniandikia hongera, tuko pamoja, Mungu akutangulie. Kila mmoja alinunua kopo moja, na wengi hawakununua la pili. Sikujiuliza kwa nini hawakurudi. Nilikuwa nimeshiba maneno yao.

Kutiwa moyo si ushauri. Naomba ulishike hilo, maana mimi lilinichukua muda. Anayekutia moyo anakupenda wewe. Anayekushauri ameangalia kitu ulichoshika mkononi.

Sasa huyo mtu wangu. Nilikutana naye kwenye semina, hotelini, ya kulipia. Aliongea vizuri, suti imemkaa, alisimulia alivyoanza na elfu hamsini. Mwisho akasema ana nafasi za watu watano tu anaotaka kuwalea kibiashara. Laki mbili na nusu, vikao vitatu na mpango wa biashara ulioandikwa. Nilitoa. Nilizitoa kwenye hela ya karanga za mwezi ule.

Kikao kilikuwa kimoja. Nilikwenda na kopo langu, nilikuwa nalionea fahari, nikaliweka mezani kati yetu. Alilisogeza pembeni na kiganja cha mkono ili apate pa kuweka kompyuta yake. Saa nzima aliongea kuhusu maono, kuhusu kuwaza makubwa, kuhusu kuacha marafiki wasio na malengo. Kopo lilikaa pale pembeni ya meza. Hakulifungua. Wala hakuuliza ndani kuna nini. Wiki mbili baadaye nikaletewa huo mpango wa biashara, kurasa kumi na nane, jina langu juu. Kwenye ukurasa wa saba, kwenye gharama, kulikuwa na mstari wa chanjo ya vifaranga. Mpango ulikuwa wa mtu mwingine, mfuga kuku, wakabadilisha jina. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena kesho yake, na kesho kutwa. Mpaka leo haijapokelewa.

Pesa iliniuma, nisidanganye. Ila kinachoniuma zaidi ni lile kopo. Nilichukua kopo langu nikatoka nalo hivyo hivyo, na mtu aliyechukua pesa yangu hakuwa hata amefungua mfuniko.

Mwezi huo huo mwenye duka mmoja wa Area C akanipigia, "Dada, njoo uchukue vitu vyako." Nilikuwa nimempa mali kauli, makopo sitini na manne, alipe akiuza. Nikaenda na bodaboda. Akafungua moja mbele ya wateja wake. Chini ya mfuniko kulikuwa na ukungu mweupe, kama pamba iliyochambuliwa, na harufu ya mafuta yaliyokaa sana. Nikabeba boksi langu. Sikwenda nyumbani, niliona aibu kufika na boksi. Nikaenda Majengo sokoni, kwa mama aliyekuwa ananisagia karanga kwa mashine yake, kwa sababu ndipo pekee nilipoona naweza kukaa bila kuulizwa.

Yeye hakuuliza habari za maono. Alichukua kopo, akalifungua, akanusa. Akapitisha kidole ndani ya mfuniko, akakiangalia kwenye mwanga. "Mwanangu, unafunga ikiwa ya moto." Nikasema ndiyo, nafunga ikiwa ya moto ili isiingie vumbi. "Basi jasho lake linapanda, linakuwa maji kwenye mfuniko, yanadondoka. Umefunga maji humo ndani." Maelezo yote ni hayo. Siagi ikitoka kwenye mashine ina joto. Iache ipoe kabisa kwenye chombo kipana kilichofunikwa kitambaa safi, ndipo ujaze. Makopo sitini na manne yalikufa kwa sababu hiyo.

Halafu akaniambia, kesho niletee karanga zako kabla hujazikaanga. Nikapeleka. Akazimwaga kwenye ungo, akaanza kuchambua, mikono inakwenda kama anacheza bao. Iliyosinyaa, kando. Yenye rangi nyeusi, kando. Iliyotobolewa, kando. Iliyochipua, kando. Kwenye kilo tano akatoa kopo zima la mbaya. "Hizi ndizo zinazoleta uchungu, na ndizo zenye sumu." Alikuwa anaongelea sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa sana, tunakumbuka mwaka 2016 watu walivyokufa hapa kwetu na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Karanga nazo huishika vilevile zikivunwa na kuhifadhiwa na unyevu, na kukaanga hakuiondoi yote. Nilikuwa nauzia watoto wa watu bila kuchambua. Nililia pale sokoni kuliko nilivyolilia ile laki mbili na nusu.

Na kingine alichonipa bila senti: kilo ya kwanza ya asubuhi isiwe yangu. Kilo ya kwanza inasafisha mashine, inabeba mabaki ya jana yaliyolala humo na kuchacha. Nije wa tatu au wa nne. Siri hiyo hutaipata kwenye semina yoyote.

Huyo mama hakusoma biashara popote. Lakini alikuwa amesaga karanga za watu miaka mingi, na ameona nani alidumu na nani aliacha. Mtu anayegusa mali yako kila siku anajua mengi kuliko unavyodhani: anayekusagia, anayekuuzia makopo, muuza duka anayesikia malalamiko ya mteja kabla yako. Hao hawajiiti washauri. Ndiyo maana tunawapita.

Yeye ndiye aliyenituma SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Nilikuwa napita mbele ya kibao chao nikidhani ni mahali pa watu wenye viwanda vya mabati. Shirika hilo lipo tangu 1973 kwa ajili ya watu kama mimi na wewe, lina ofisi mikoani, na kuingia mlangoni hulipii. Mara ya kwanza nilikwenda nikasema, "Naomba ushauri wa biashara." Afisa akanipa karatasi ya ratiba ya mafunzo, akaniambia karibu. Hakukosea, ndicho nilichoomba. Mara ya pili nikaenda na kopo.

Alilifungua, akachovya kijiko, akaonja. Akauliza, "Kopo hili linakugharimu shilingi ngapi kulitengeneza?" Nikasema karanga na kopo, kama elfu mbili. Akageuza karatasi iliyotumika, akaanza kuandika upande mweupe, mimi namtajia. Karanga nusu kilo, 1,500. Kopo na mfuniko, 450. Lebo, 150. Kusaga, 200. Mkaa, 150. Usafiri wa kuleta na kupeleka, 200. Akajumlisha: 2,650. Akauliza, "Duka unampa kwa bei gani?" Nikasema 2,500. Hakusema kitu. Aliligeuza lile karatasi likanitazama.

Nilikuwa namlipa mwenye duka shilingi 150 kila anapopokea kopo langu, na bado jasho langu sijalihesabu. Ndiyo maana kadiri nilivyouza ndivyo mtaji ulivyozidi kukata. Nimelihifadhi karatasi hilo mpaka leo.

Kuanzia pale mambo yalikwenda, siwezi kusimulia yote. Mafunzo ya usindikaji nilihudhuria. Jina la biashara nikasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Chakula tangu 2019 kiko chini ya TBS, shirika la viwango, si tena ile TFDA ya zamani, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo nikaenda huko na barua ya utambulisho ya SIDO, maana mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo anapewa nafuu kwenye gharama za alama ya ubora. Wakaguzi walinirudisha mara mbili. Mara ya kwanza ni dari, mara ya pili ni pa kunawia mikono. Nilirekebisha. Leo kopo langu lina alama, liko kwenye rafu za supermaketi mbili za hapa mjini, natoa makopo zaidi ya elfu moja kwa mwezi, na mabinti wanne wanalipwa mshahara kutokana na karanga. Nasema hivyo kwa kujivunia, nimeistahili fahari hiyo. Kaka yangu sasa wageni wake anawaletea zawadi ya siagi ya dada yake, na bado hajawahi kuniambia samahani.

Kuhusu pesa niseme kwa ufupi, kwa sababu binti wa Kahama naye ana mtaji mdogo. Siku makopo yalipoharibika nilitaka kwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nilikuwa nimeshatoa na picha za friji langu liwe dhamana. Aliyenizuia ni dada mmoja wa kikoba chetu, aliniuliza riba yake kwa wiki ni kiasi gani, tukapiga hesabu pamoja kwa sauti, nikaona aibu. Sanduku la kikoba lenye makufuli yake matatu ndilo lililoniinua, laki mbili, nikalipa kwa miezi minne. Baadaye tukaunda kikundi cha wanawake tukaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Nenda mwenyewe, ofisini, mchana. Usipitie kwa mtu anayejua mtu.

Ndugu zangu, tuna tatizo la kuabudu wenye maneno. Tunamlipa aliyevaa vizuri atuambie tuwaze makubwa, halafu mama aliyetusagia tunampa elfu moja tunasubiri chenji. Tunaingia kwenye magrupu ya watu mia mbili na hamsini tunaandika "naomba ushauri", tunajibiwa "pambana", tunashukuru. Huo si msaada. Ukitaka kusaidiwa, beba kitu ulichotengeneza, mwekee mtu mbele, muulize jambo moja analolijua. Kwa nini kinachacha? Kwa nini mteja hakurudi? Kopo kama hili unanunua wapi kwa bei ya jumla? Mtu atakujibu. Na asipolifungua kopo lako, nyanyuka. Kuaga ni hiari.

Na ninyi mliotangulia, wenye alama na rafu, msiwanyime hawa mabinti. Nawajua baadhi yenu. Unaulizwa karanga unazitoa wapi unajifanya hujaona ujumbe. Unaogopa nini? Mimi zangu nazitoa Kongwa na Mpwapwa, nimeshasema, na wateja wangu hawajaondoka.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Kahama, laki na nusu yako ibaki mfukoni. Karanga zipo hapo hapo kwenu. Nunua kilo tano tu, zichambue mpaka macho yachoke, kaanga, saga, acha ipoe, tengeneza makopo manane au tisa. Moja liache kabatini mwezi mzima uone litakuwaje. Moja peleka ofisi ya SIDO Shinyanga. Yaliyobaki uza kwa watu wasiokujua, kisha warudie uwaulize. Hayo yatakugharimu nauli na karanga.

Na ukipata safari ya Dodoma, njoo Jumatano, ndiyo siku yetu ya kuchambua. Uje na kanga ya kujifunga na kopo lako. Nitalifungua.