Mkienda Umisionari na Watoto, Jifunzeni Kupokea

Wapendwa mnaofunga mizigo, kuna swali ambalo kamati ya kanisa linalowatuma huenda isiwaulize, nami naliona kubwa kuliko mengi yaliyomo kwenye fomu zake: huko mwendako, mtoto akipandwa na homa usiku wa manane, mtagonga mlango wa nani? Siulizi ni nani atakayegonga wenu. Huyo atakuwepo, na atakuja mara nyingi.

Nimelea watoto ugenini katika kazi hii, na nimeona familia nzuri, zenye wito wa kweli, zikirudi nyumbani kabla ya wakati wake. Zilizoshindwa na lugha zilikuwa chache. Nyingi zilimalizwa na upweke: zilizungukwa na watu waliozihitaji, lakini zenyewe hazikuwa na mtu wa kumhitaji.

Miezi ya mwanzo mtachoka na hamtajua mmechoshwa na nini. Kulipia umeme, kuelewa barua ya shule, kujua nani asalimiwe kwanza, mambo mliyoyafanya nyumbani bila kuyawaza sasa kila moja litataka akili yenu yote. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alilieleza hili mwaka 1954: mgeni hupoteza zile ishara ndogondogo zinazomwongoza mtu kila siku, na furaha yake ya mwanzo mara nyingi hufuatwa na kipindi cha hasira, cha kulaumu kila kilichomo katika nchi ile. Kikifika kipindi hicho, msiandike barua ya kujiuzulu. Na msiwaseme wenyeji mezani mbele ya watoto. Ninyi mtayasahau maneno hayo hasira ikiisha, lakini watoto watabaki nayo, na kesho yake wanakwenda kukaa darasani na watoto wa watu hao hao mliowasema.

Mkiweza, mwaka huo wa kwanza msipokee cheo. Ombeni muwe wanafunzi tu: wa lugha, wa njia, wa majirani. Kanisa lililowatuma litataka taarifa za kazi. Lielezeni mapema kwamba kujifunza ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ninalolibeba moyoni. Mwaka 1910, mjini Edinburgh, wajumbe wapatao 1,200 walikutana kuzungumzia umisionari duniani, karibu wote wakitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Mmoja wa wachache waliotoka Asia alikuwa mchungaji kijana wa India, V. S. Azariah, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa Mhindi wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana. Alikiri mbele yao kwamba wamisionari walikuwa wametoa mali zao na hata miili yao. Kisha akawaomba kitu walichokuwa hawajakitoa: upendo, na marafiki. Wako waliochukizwa na hotuba hiyo. Mimi naona kila familia inayotumwa ingepaswa kuisikia kabla ya kupanda ndege, hata sisi tunaotoka katika makanisa ambayo zamani yalikuwa ya kupelekewa. Kumtazama mtu kutoka juu hakuhitaji rangi fulani ya ngozi. Kunahitaji tu mtu anayetoa kila siku, na mwingine anayepokea kila siku.

Ndiyo maana nasema jifunzeni kupokea. Azimeni ngazi kwa jirani hata kama mna fedha za kununua yenu. Mwombeni mama wa nyumba ya pili awaonyeshe jinsi ya kumtunza mtoto katika hali ya hewa ya pale, maana yeye amelea wake hapo hapo. Akileta chakula, pokeeni, kuleni, na msirudishe zawadi kubwa kuliko yake kesho asubuhi kana kwamba mnalipa deni. Acheni deni likae kidogo, kwa kuwa urafiki hukua katikati ya mambo ambayo hayajalipwa. Mume wangu alipougua, waliokaa naye hospitalini walikuwa majirani ambao hawakuwahi kuingia kanisani kwetu na hawana nia ya kuingia. Tulisali kwa namna zetu tofauti kando ya kitanda kimoja. Msichague marafiki kwa kuangalia nani anaelekea kubatizwa. Watu hujua wanapopendwa kama kazi, na huumia.

Barua za maombi zina mtego hapa. Mnaandika kila baada ya muda kwa wanaowachangia, nao wanapenda habari za watu, kwa hiyo rafiki anayepitia ndoa ngumu anageuka kuwa aya ya tatu, pamoja na picha yake. Kipimo changu ni hiki: je, naweza kumsomea mwenyewe aya hiyo kwa lugha yake, akiwa ameketi mbele yangu? Nikiona aibu, naifuta. Kuna nchi ambako jina na picha vinaweza kumponza mtu kazini au nyumbani kwao, na barua iliyotumwa kwa watu wachache husambazwa mbali kuliko mnavyodhani. Ombeni ruhusa, na akikataa mshukuruni.

Fedha pia. Mtakopwa. Kubalianeni mume na mke kabla ya kuombwa, ili jibu la mmoja lisimfanye mwenzake aonekane mchoyo. Kwa rafiki, toeni kiasi ambacho hata kisiporudi hamtabadilisha namna mnavyomsalimia. Mahitaji makubwa yapitie kwa wazee wa kanisa la pale. Wanawajua watu wao, na urafiki wenu utasalimika.

Mmoja kati yenu atakuwa na ofisi, ratiba na watu wa kumwita kwa cheo. Mwingine atabaki na nyumba. Huyu wa pili ndiye wa kuulizwa kila wiki, kwa dhati, anaendeleaje. Dorothy Carey alikataa kwanza kumfuata mumewe William, mmisionari Mwingereza, kwenda India mwaka 1793, akakubali dakika za mwisho baada ya kushawishiwa, huku akinyonyesha. Mwaka uliofuata mwanawe Peter alifariki. Akili yake iliugua, na hakupona mpaka alipofariki mwaka 1807. Alizungukwa na kazi iliyokuja kusifiwa duniani kote. Namkumbuka kila ninaposikia mtu akisema, "mke wangu atazoea." Kama mwenzako hajasema ndiyo yake mwenyewe, ahirisheni safari.

Kuhusu wamisionari wenzenu nitasema kidogo tu. Mtagombana nao, hasa mkiishi kiwanja kimoja. William Carey na wenzake walipoanza kuishi pamoja Serampore, huko India, mwaka 1800 walitenga Jumamosi jioni kwa ajili ya kumaliza tofauti zao na kuahidiana upya kupendana. Ichukueni desturi hiyo kama ilivyo.

Watoto ndio watakaolipa gharama ambayo hawakuikubali. Mwanasosholojia Ruth Hill Useem, aliyeanza kuwachunguza watoto wa namna hii katika miaka ya 1950, aliwaita watoto wa utamaduni wa tatu: si wa kwao wazazi tu, si wa pale wanapokulia tu. Wanapata mengi, lugha na macho mapana, lakini huaga sana. Rafiki wa shule anahamishwa, familia ya mmisionari mwingine inarudi kwao, kisha zamu yao inafika. Baada ya kuaga mara kadhaa, wengine huacha kabisa kujifunga na mtu. Mkimwona mtoto hatafuti rafiki mpya, msimsifu kwamba amekomaa. Kaeni naye, mwacheni alie kwa ajili ya yule aliyeondoka, na msimwambie kwamba ni kwa ajili ya Injili. Anaweza kumwambia Mungu mwenyewe anachokiona juu ya hilo.

Marafiki wa nyumbani watapungua, na hilo halina lawama. Shikeni wawili watatu wanaopiga simu bila kutaka taarifa ya huduma. Mkienda likizo, ulizeni kwanza habari zao, maana nao wamezika, wamezaa, wamepoteza kazi, wakati ninyi mkisimulia habari za mbali.

Na siku ya kuondoka kabisa itafika. David Pollock, aliyefanya kazi na familia hizi kwa miaka mingi, alifundisha mambo manne kabla ya safari: patana na mliyekosana, mwambie mtu wazi alichokuwa kwako, aga ipasavyo watu, mahali na hata vitu, kisha waza kwa ukweli unakokwenda. Fanyeni yote na watoto, kila mtoto na orodha yake. Mimi naongeza moja: wale waliowafungulia mlango usiku wa manane wapate habari kutoka vinywani mwenu, nyumbani kwao, wiki kadhaa kabla haijatangazwa kanisani. Waachieni anwani, nanyi muwe wa kwanza kupiga simu mkishafika.