Jibu: Rafiki yangu Myahudi anakataa kila nikimwalika chakula

Jambo ndugu. Unasema mwenzako wa kazi, Myahudi, amekataa mara mbili kuja kula kwako Jumamosi mchana, na unaogopa anakudharau. Kwanza angalia siku uliyochagua. Sabato yao inaanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi usiku. Anayeishika hafanyi kazi, haendeshi gari, hata simu hashiki. Mwalike Jumapili.

Pili, sufuria. Hata ukipika bukari (ugali) bila nyama, kama chombo kilishapika nguruwe, au nyama pamoja na maziwa, anayeshika kosheri, yaani sheria za chakula za Kiyahudi, hatakula. Kambale naye hapana, kwa sababu hana magamba, tilapia anayo. Mimi huwa nauliza wazi: "Kwangu unaweza kula nini?" Wengine wanakula kila kitu, kwa hiyo usimkisie. Kwa rafiki yangu mmoja tulianza na maembe mazima na soda, akajimenyea mwenyewe kwa kisu chake, tukakaa hadi giza.

Ombi moja, nalisema kama Mkristo: usianze kwa kumhubiria. Hilo linawakimbiza haraka kuliko chakula. Muulize habari za wazee wake. Familia nyingi za Wayahudi wa Lubumbashi zilitoka kisiwa cha Rhodes, na Julai 1944 Wanazi waliwakamata ndugu zao waliobaki kule wakawapeleka Auschwitz, kambi ya mauaji huko Poland. Akikusimulia, sikiliza tu.

Sinagogi usiende bila yeye kukupeleka. Walinzi watakuuliza maswali.