Digrii ya miaka mitatu Indiana: uliza krediti kwanza

Dada, umeuliza kama bintiyo aache nafasi yake Chuo Kikuu cha Maseno aende jimbo la Indiana, Marekani, kwa digrii ya miaka mitatu. Ni kweli, sheria ya 2024 iliagiza vyuo vikuu vya umma huko viwe na angalau programu moja ya aina hiyo kufikia Julai 2025. Lakini moja tu yatosha kutii sheria, na huenda si kozi anayoitaka. Aulize chuo: ni krediti (vipimo vya kiasi cha masomo) 120 za kawaida zilizobanwa ndani ya miaka mitatu, au zimepunguzwa? Zikibanwa, pengine atasoma hata likizo ya Juni hadi Agosti, na muhula huo una karo yake. Zikipunguzwa, andikieni KNQA, mamlaka ya Kenya ya kutambua vyeti, kabla hamjalipa chochote, maana mwajiri wa Kisumu atataka cheti kinachotambuliwa hapa. Nafasi ya Maseno asiiachilie bado, tafadhali.