Re: Chuo kimetuletea kamera, wagonjwa hawaji

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, chuo kimewapa vifaa na bingwa wa kuonana na wagonjwa kwa video, ila mtandao unakatika na watu wamepungua.

Kwanza angalia nani anakaa mbele ya kamera. Sisi tulimtoa mgonjwa, tukamweka tabibu wa zahanati. Anaeleza kisa bila kutaja jina, bingwa anashauri, matabibu wa zahanati jirani wanasikiliza. Mtandao ukisumbua, sauti peke yake inatosha. Ndivyo Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alivyoanzisha mradi wa ECHO mwaka 2003 kwa homa ya ini aina ya C. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha virusi viliisha kwa 58.2% ya waliotibiwa vijijini na magerezani; kliniki ya chuo, 57.5%. Na bingwa hakuwashika mkono hata mara moja!

Halafu ratiba. Vikao vya asubuhi vikataeni, foleni ya kliniki ya watoto itammeza tabibu wenu. Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii awepo mnapopanga, ndiye anayejua kwa nini watu hawaji.

Mambo ya leseni sijayashughulikia, waulizeni baraza la madaktari.