Neno meza: kwa mnaoanza kazi ya kutafsiri

Wadogo zangu, neno la kwanza la kulifuatilia liko chini ya viwiko vyenu sasa hivi. Meza. Tumelizoea mno hata hatuulizi limetoka wapi. Lilifika pwani kwetu na Wareno, waliotia nanga Malindi mwaka 1498. Wao husema mesa, na Wahispania vivyo hivyo. Mzazi wao wote ni mensa ya Kilatini. Waromania wana masă, na kwao neno hilo ni meza na ni mlo pia.

Hapa ndipo uangalifu unapoanza. Ukikuta Mensa kwenye maandishi ya Kijerumani, usiandike meza: ni kantini ya chuo kikuu. Meza yenyewe kwa Kijerumani ni Tisch, neno lililotokana na discus, yaani kisahani. Waingereza walichota kwenye kisima hicho hicho zaidi ya mara moja wakapata dish, desk na disc. Kwa hiyo deski la shuleni na diski ya kompyuta ni ndugu, ingawa hawafanani hata kidogo.

Table ya Kiingereza na Kifaransa ina ukoo mwingine: tabula, ubao. Shikeni hilo la ubao, litawaokoa. Ndiyo maana table huwa pia jedwali, na Tafel ya Wajerumani ni ubao wa darasani, na ni kipande bapa cha chokoleti vilevile.

Neno hili liliniumiza nilipokuwa mgeni kazini. Nilipewa kumbukumbu za mkutano zilizosema hoja fulani ilikuwa "tabled". Nikaandika kwamba iliwasilishwa. Uingereza ningekuwa sahihi, maana huko ni kuileta hoja mezani ijadiliwe. Mwandishi alikuwa Mmarekani, na Marekani ni kuiweka kando. Wasomaji wangu wakajiandaa kwa mjadala uliokwisha kuahirishwa, na ilibidi niwaandikie wote upya kuwaomba radhi. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua kamusi, nauliza kwanza: aliyeandika ni mtu wa wapi?

Msiamini masikio pia. Stol kwa Kirusi ni meza. Kwa Kiswidi ni kiti.

Ninalolipenda kuliko yote ni bureau ya Wafaransa. Mwanzoni lilihusu kitambaa kizito cha sufu kilichotandikwa juu ya meza ya kuandikia. Jina likatoka kwenye kitambaa likahamia kwenye meza, kutoka meza likaenda chumbani, kisha likawa ofisi nzima. Kibao cha "bureau de change" unachokipita mjini kimebeba safari yote hiyo. Ndiyo sababu nawasihi msikariri maneno mawili mawili, la kigeni huku na la Kiswahili kule. Kwenye daftari andikeni kitu cha kwanza ambacho neno lilikitaja, halafu sentensi mliyolikuta ndani yake. Inachukua muda, najua, lakini ndivyo neno linavyokaa kichwani.

Na mkifika Athens mkaona trapeza limeandikwa juu ya mlango, msiingie kutafuta chakula. Kwa Kigiriki cha leo meza ni trapezi. Trapeza ni benki, jina lililobaki tangu enzi za wabadili fedha waliopanga sarafu zao juu ya meza.